Maji Hayakai Mkao wa Picha

Tima mwanangu,

Nataka uisome barua hii ukiwa umeshafika Msambweni, ndiyo maana sikukupa mkononi. Nimeisukuma kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kamera, chini ya vitambaa vya kufutia lenzi, na nakujua: vitambaa hivyo hutavigusa mpaka chumvi ya bahari ikulazimishe.

Wewe na baba yako mmekwenda Eastleigh kumuaga shangazi yako. Mimi nimesingizia mguu. Mguu hauniumi hata kidogo, nilitaka tu nyumba initulie. Nje watoto wa ploti bado wanapiga mpira ukutani kwetu, na Mama Asha anakaanga mahamri ya kesho, harufu yote imeingia humu ndani. Mtakaporudi nitakuwa nimemaliza.

Habari za neti ya mbu, za kuchemsha maji ya kunywa na za kutomwazima mtu chaja, baba yako ameshakueleza, na kesho asubuhi atakueleza upya hadi mlangoni. Mimi nakuandikia habari za maji, maana ndiyo yanayokuchukua kwangu. Nyingine unazijua. Nyingine ulikuwepo lakini ulikuwa mdogo, na nyingine zilinipata mimi moyoni, hukuweza kuziona.

Nilianza kupiga picha kabla hujazaliwa, na sitakudanganya kwamba niliipenda kazi hiyo tangu mwanzo. Nilikuwa msichana wa kufagia na kupokea wateja kwenye studio moja ya picha za vitambulisho karibu na Gikomba. Wakati huo harusi zetu za Pumwani na za Eastleigh zilikuwa zinatafuta wanawake wa kupiga picha, kwa kuwa upande wa wanawake mwanamume haingii. Nikaombwa mara moja nikajaribu, nikaombwa tena, na nilipoolewa na baba yako nilikuwa nimeshapata jina.

Umeingia nami kwenye kumbi hizo tangu ukiwa mtoto. Simu zinakusanywa mlangoni na kutiwa kwenye ndoo, na kamera inayoruhusiwa kupita ni yangu peke yake. Ndani wanawake wanavua mabuibui, na hapo ndipo unapoona kazi ya wiki nzima: nywele, hina na piko mpaka viwikoni, dhahabu ya bibi na ya mama juu ya shingo moja. Nikimaliza, picha zote namkabidhi bibi harusi, na za kwangu nazifuta mbele yake. Ahadi hiyo sijawahi kuivunja. Kwa hiyo picha zangu nzuri kuliko zote ziko ndani ya makabati ya watu, chini ya shuka, na mtu akiniambia nimwonyeshe kazi yangu, sina hata moja ya kumwonyesha.

Sikulilia jambo hilo. Lakini zilikuwepo siku, hasa tukitembelewa na wageni, nilipotazama ukuta wetu wa sebuleni na kalenda yake ya duka la rangi, nikatamani kitu changu kining'inie pale.

Sasa hapa ndipo Mwanakombo anapoingia, huyo ambaye kesho utalala kwake. Alikulia kwenye uchochoro huu huu, mlango wa pili kutoka kwetu, kisha akachumbiwa kwao Msambweni. Akakataa katakata kupambwa mbele ya kamera ya mtu asiyemjua. Akasema Mama Tima aje, au picha zisipigwe. Ulikuwa darasa la sita, shule zilikuwa zimefungwa, nikakuchukua.

Asubuhi ya harusi, kabla bibi harusi hajaamshwa, tulishuka ufukweni mimi na wewe. Bahari nilikuwa nimeshaiona, ila kama wanavyoiona watu wa Nairobi: unavua viatu, unalowesha miguu, unanunua kashata, unarudi. Siku ile nilikuwa na kamera shingoni. Pale kwenye miamba myeusi iliyotobokatoboka, maji yalikuwa yanaingia kwa chini na kutokea juu, yanatawanyika, yanarudi. Nikainua kamera nikidhani nitapiga picha mbili tatu za ukumbusho.

Ndipo nilipotambua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nimepiga picha za watu wanaonisikiliza. Bibi harusi unamwambia inua kidevu, anainua. Unamwambia shusha bega, anashusha. Akipepesa macho unamwomba arudie. Wimbi halirudii. Nililingojea upande wa kulia likaja kushoto. Nililifuata kushoto, likafia mbali halikufika hata kwenye mwamba. Nikapiga kwa kasi, kama ninavyopiga wanawake wakicheza, na picha zikatoka safi kabisa: kila tone limeganda hewani kama kipande cha chupa.

Ukanivuta buibui, ukachungulia kioo cha nyuma cha kamera. Ukaniuliza, "Mama, mbona maji yamesimama?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefurahi kuyasimamisha. Nikaanza kujaribu. Mle ndani ya kamera, unakumbuka nilivyokueleza, mna kidirisha kinachofunguka na kujifunga. Kikijifunga haraka, maji yanaganda. Kikichelewa, maji yanapita mbele yake na kuacha alama ya njia yao, na hapo kamera yenyewe haitakiwi kutikisika hata kwa pumzi. Stendi sikuwa nayo. Nikavua leso niliyojifunga kiunoni, nikaikunja, nikaitia mchanga kidogo katikati, nikailaza juu ya mwamba na kuweka kamera juu yake. Wewe nikakuambia usikanyage karibu. Nikabana pumzi.

Picha ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Ya tatu au ya nne ndiyo iliyotokea: mwamba mweusi, mkali, unaona hata makombe ya konokono wa baharini yaliyoshikamana nao, na juu yake maji yanashuka kama nyuzi nyeupe za mshonaji zilizoachiwa. Nilikaa chini mchangani nikaitazama. Nikasahau harusi. Walitufuata mashoga wa Mwanakombo wakiwa na wasiwasi, tukapandishwa mbio, nikaingia chumba cha bibi harusi nikiwa na mchanga mpaka magotini. Mwanakombo alikuwa anapakwa wanja, akaniambia kupitia kwenye kioo kwamba nimekwenda kuogelea na kazi yake imo shingoni mwangu. Alicheka. Nilimpiga picha nzuri sana siku ile, nzuri kuliko nilivyowahi kumpiga mtu, na nadhani ni kwa sababu macho yangu yalikuwa yameoshwa.

Picha ile ya nyuzi nyeupe nilirudi nayo Nairobi. Baba yako akaitengenezea fremu kwa vipande vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja wake pale Gikomba. Tukashusha kalenda. Kila aliyeingia aliitazama, mwanamke kwa mwanamume, imamu kwa fundi wa stima, na sikuhitaji kumwomba mtu yeyote ruhusa. Hamna uso wa mtu mle. Kuanzia hapo nikawa mgonjwa wa maji.

Utakumbuka tulivyofanya mazoezi, maana pwani hatukuweza kwenda kila tukitamani. Bomba kubwa lilipopasuka kwenye barabara ya kushukia Gikomba, wengine walikimbia na mitungi, mimi na wewe tulikimbia na kamera. Tukaiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa na kupiga maji yanavyopita juu ya mawe ya ukingoni. Mtu wa mkokoteni akasimamisha mzigo wake mzima wa mitumba katikati ya njia kututazama, na watu nyuma yake wanapiga kelele.

Akasema, "Mathe, si hayo ni maji tu? Nipige mimi, mimi ndio niko na sura."

Tukampiga. Aliinua kidevu bila kuambiwa. Wewe ulikuwa unaona haya siku zile, umejificha nyuma yangu, lakini jioni ulichukua kamera ukaniomba uangalie yale ya mawe mara ya pili na ya tatu. Ulipofika kidato cha pili ulikuwa unayaona maji kunishinda. Nililijua hilo mapema na nikalinyamazia, kwa kuwa nilikuwa na mipango yangu.

Mipango yenyewe ilikuwa hivi. Nilianza kuwaambia wateja kwamba Tima ndiye atakayenirithi. Niliwaambia kwenye kumbi, kwenye foleni ya msusi, hata kwa simu. Sikukuuliza. Nilikuona unanishikia taa, unajua pa kusimama, unajua bibi harusi gani anataka kuchekeshwa na yupi anataka kuachwa alie kwanza, nikaona jambo limekwisha. Kumbe wewe ukishika kamera ulikuwa unatazama kwingine. Unamkumbuka yule bibi harusi wa Eastleigh aliyenirudishia picha zako akiuliza kwa nini pazia limetoka vizuri kuliko yeye? Feni ilikuwa inalipeperusha, nawe ulilifuata hilo pazia harusi nzima. Nilimwomba radhi, nikakukaripia njiani. Nilipofika nyumbani nikazitazama zile picha peke yangu, na pazia lilikuwa linapumua. Sikukuambia. Nakuambia leo.

Kuna jambo lingine lililonifundisha, na lilinifundisha vibaya vibaya kwanza. Nilipata programu ya kulainisha nyuso kwenye kompyuta. Makunyanzi yanafutika, makovu yanafutika, kila mwanamke anatoka kama yai. Wateja walipenda sana, nami nikawa nalainisha kila uso uliopita mbele yangu bila hata kuulizwa. Siku moja mama wa bibi harusi mmoja, mtu mzima, alinirudishia picha yake. Alikaa hapa kwenye kochi letu, akanywa chai yote, halafu akaiweka mezani. Hakupandisha sauti.

"Nirudishie uso wangu," akaniambia. "Watoto wangu siku wakinikumbuka, hawatamkumbuka huyu."

Nikaitazama picha, nikamtazama yeye. Kwenye picha alikuwa mwanamke mzuri ambaye hajawahi kukutana na lolote duniani. Nilimchapia nyingine palepale, yenye kila mstari wake, akaishika kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake. Nikadhani somo limeingia. Liliingia kwa nyuso tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kujifunza jambo chumba kimoja cha maisha yake na asilibebe hadi chumba cha pili.

Kwa maana angalia nilichokwenda kufanya baharini.

Mwaka juzi Mwanakombo alitualika kwenye akika ya mwanawe mdogo. Ulikuwa umemaliza chuo. Mimi nilikuwa nimenunua kile kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi, kinachozuia mwanga hata ukiwa mchana, ili kidirisha kikae wazi muda mrefu, mrefu kiasi cha mtu kusoma sura fupi ya Kurani akamaliza. Nilikuwa nimeona picha za namna hiyo kwenye simu na kuzitamani. Siku nzima nikapiga. Mawimbi yote yakayeyuka yakawa ukungu, miamba ikatoka kama vilele vya milima juu ya mawingu, kila kitu kimetulia, laini, cheupe. Nikaona hapo ndipo nimefika. Jioni nikakuita nikuonyeshe.

Ulizitazama zote bila haraka. Kisha ukauliza, "Mama, bahari iko wapi?"

Uliuliza kwa heshima, nakumbuka. Lakini liliniuma, mwanangu. Nikakujibu kwamba hivyo ndivyo wanavyopiga mabingwa, na kwamba aliyejifunza juzi asimfundishe aliyemfundisha. Tulikula wali wa nazi na pweza pale kwa Mwanakombo bila kusemezana, naye akawa ananitazama mimi, anakutazama wewe, anaongeza mchuzi ambao hakuna aliyeuomba.

Kulipokucha ulikuwa umekwisha kutoka. Nikavaa buibui nikakufuata kwenye miamba. Nilikukuta umesimamisha stendi juu ya jiwe, kamera imeelekezwa, na wewe leso begani, mikono mfukoni. Hukuwa unapiga. Wimbi likaja zuri, la kuchapisha kwenye kalenda, ukaliacha. Likaja lingine, ukaliacha. Mimi sina subira hiyo, unanijua. Nikakuambia mwanga unaondoka.

Ukanijibu bila kugeuka, "Bado, Mama. Nataka maji yanayorudi, siyo yanayokuja."

Nilikuwa nimepiga bahari miaka yote hiyo na sikuwa nimewahi kuyatazama maji yanayorudi. Wimbi likija watu wote wanalitazama, likishapasuka tunageuza uso. Wewe ulikuwa unangojea pale linapojivuta, linapotafuta njia kati ya mawe, kila mkondo unashika mpenyo wake. Kidirisha chako hukukiacha wazi muda mrefu kama mimi, wala hukukifunga haraka. Uliyaachia maji yachore kidogo tu, halafu ukayakatiza kabla hayajajifuta.

Nikashuka chini kidogo niyaone vizuri kwa upande ule. Nilikuwa nimekupa mgongo, nimesimama kwenye mchanga kati ya miamba miwili, maji kwenye vifundo vya miguu. Likaja wimbi lililoyashinda mengine. Halikuniangusha, lilinifika kiunoni, ila lilipoanza kurudi lilinivuta kama mtu anayedai buibui lake. Mchanga ukawa unakimbia chini ya nyayo zangu. Nikajua nikiinua mguu mmoja tu, nimekwenda. Basi nikachimbia vidole, nikakaza magoti, nikatulia tuli nikimwomba Mungu, na maji yakapita pande zote mbili yakaniacha.

Na nyuma yangu, nikiwa katika hali hiyo, nikasikia kamera.

Nilipanda juu nikiwa nachuruzika maji na hasira. Nilikuuliza ni mtoto wa namna gani anayemwona mama yake anaburutwa na bahari, naye anabonyeza.

Ukaniambia, "Hukuwa unaburutwa, Mama. Ulikuwa umesimama."

Ukanigeuzia kamera nione. Miamba ni mikali. Maji yanarudi baharini kwa mikondo mingi, kila mmoja unauona ulikotoka na unakokwenda, na katikati yake kuna mwanamke wa buibui jeusi, mgongo umenyooka, amesimama wima kama nguzo ya nyumba. Pindo la chini tu ndilo limekwenda na maji, limefifia. Sikumtambua. Nilimtazama kwa muda kabla hasira haijaniishia. Kisha nikaona leso yako imeanguka imebebwa na mawimbi, nawe ulikuwa huna habari, nikaanza kucheka, ukacheka, tukakaa pale juu ya jiwe mpaka nguo zikaanza kukauka na chumvi. Siku ile hatukusema lolote kuhusu ukungu wangu wa jana. Haikuhitajika. Kile kioo cheusi ninacho bado, nakitumia siku nikitaka kupumzika.

Baadaye ndipo ulipoitisha ruhusa. Ulitaka kuipeleka picha ile kwenye maonyesho ya vijana pale kwenye ukumbi wa mtaa. Ulikuja ukakaa hapa mbele yangu kama mteja, ukasema uso hauonekani, jina halitaandikwa, lakini ni mimi, na bila neno langu haitoki. Nilikataa. Ulisema sawa, ukaenda kuosha vyombo, hukununa. Ingekuwa afadhali ungenuna.

Nilikaa na neno lile wiki nzima. Wanawake wangapi wamevua mabuibui mbele yangu na kuniamini, nikiwaambia tulia, usiogope, umependeza! Na mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kukaa upande ule wa kamera. Nilikuwa naogopa nini? Uso haupo. Mwili haupo, ni kitambaa cheusi na maji. Nikaja kuona kwamba nilichoogopa ni kuwa yule mwanamke pale ananishinda. Mimi najijua nilivyo na wasiwasi, na haraka, na mdomo. Yule hana haraka. Na wewe ndiwe uliyemwona.

Baba yako hakunishurutisha. Alisema tu, akiwa anavua viatu, kwamba katika picha zote nilizopiga tangu anioe, yeye hana hata moja yangu ya kuweka mahali. Akaingia kuoga. Nikakuita nikakuambia ipeleke.

Yaliyofuata unayajua kunishinda. Wale kina mama wa Msambweni wanaopanda mikoko walikuwa wamealikwa kwenye maonyesho, wakasimama mbele yake wakibishana ni jiwe lipi lile, maana kila mmoja alilijua. Wakakutafuta. Wanataka mtu wa kukaa kwao mwaka mzima, apige ufuko ule ule, kutoka pale pale, kila mwezi maji yakijaa na yakipwa, watu waone bahari inavyokula ardhi yao na mikoko inavyoizuia. Ulipokuja kunieleza ulikuwa unaongea polepole, unanitazama kama anayebeba yai. Ulidhani nitakukumbusha wateja na ahadi zangu. Nilikwisha kuwapigia mmoja mmoja, Tima. Niliwaambia kwamba mwanangu ana kazi yake. Sasa ananishikia taa Zainabu wa Mama Asha, anajifunza vizuri, na hatazami mapazia. Naona raha kumfundisha, ila nakiri mapazia siku hizi nayatazama mimi.

Na picha, unajua mwenyewe ilipo, pale juu ya kochi, kwenye fremu ya mvule ambayo baba yako aliisugua jioni tatu nzima. Wageni wakimuuliza yule ni nani, anawajibu kwamba ni mtu mmoja wa pwani aliyewahi kumjua. Halafu ananitazama mimi.

Sasa nisikilize kidogo, kisha nakuachia. Utakaa mahali pamoja mwaka mzima. Miezi mingine utasimama pale pale, upige yale yale, na utaona hakuna kilichobadilika. Wenye haraka watataka mwamba uonekane umekaribia kuanguka, na utaweza kuufanya uonekane hivyo, maana ujuzi unao. Usiongeze chumvi, bahari ina ya kutosha. Mwezi ambao ufuko haukuliwa, picha iseme haukuliwa. Kina mama wale wanahitaji kuaminiwa, na wataaminiwa kwa sababu yako.

Ukisikia kwamba yuko anayepiga vizuri kuliko wewe, kaa karibu naye. Mimi nilichelewa kukaa karibu nawe, na ningechelewa zaidi usingeniuliza bahari iko wapi. Endelea kuuliza hivyo, kwa heshima ile ile, hata mtu akikasirika. Atakula wali wake kimya siku moja, hatakufa.

Na usinifiche siku zako mbaya. Zitakuwepo: mvua, lenzi imeingia ukungu, upweke wa mahali ambapo hakuna anayekuita kwa jina la nyumbani. Usinitumie picha nzuri peke yake, nikadhani mwanangu anaishi ndani ya kalenda. Nipigie hata kama umerudi mikono mitupu. Sitakwambia la kufanya, najizuia siku hizi. Nitakuuliza tu maji yalikuwa yanafanya nini siku hiyo, nawe unieleze taratibu, yalikotokea, yalipopenya, yalivyorudi. Nami nitakuwa hapa kwenye kochi, macho nimeyafumba, nayaona.

Mama yako